Maji Yaliyochemshwa na Maji Yanayochemka: Kumbukumbu za Chunyu Kuhusu Dawa, DNA na Tafsiri

1.0 Utangulizi

Makala haya hayatokani na utafiti wa uwandani, wala hayadai kuleta nadharia mpya ya tafsiri. Ni maelezo ya kosa moja nililolitenda nikiwa mwanafunzi wa kidato cha pili, kijijini Chunyu, mahali ambapo leo pamo katika Wilaya ya Ruangwa. Wakati ule, mwaka 1976, Ruangwa ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Nachingwea. Ilikuja kuwa wilaya peke yake mwaka 1995. Kosa lenyewe lilikuwa la neno moja tu, na nililinyamazia kwa miaka mingi.

Ninalieleza sasa kwa sababu mbili. Kwanza, dutu iliyohusika, ambayo sisi tuliijua kwa jina la dawa nyekundu ya ng'ombe, ni ile ile ambayo wanabiolojia wameitumia kutenganisha aina mbalimbali za DNA kwa kufuata densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na nafasi kinayoichukua. Pili, mjadala wetu kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi aghalabu huanzia kwenye istilahi na kuishia hapo hapo. Kosa langu halikuwa la istilahi. Lilikuwa la sarufi, na gharama yake ililipwa na mtu asiyejua kwamba analipa.

2.0 Dawa Nyekundu

Nachingwea hutajwa katika vitabu vya historia kwa sababu ya mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Urambo, ukaachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Wazee wetu, hata hivyo, waliposimulia habari za nchi yao hawakuanza na matrekta. Walianza na pori. Misitu ya miombo ni makazi ya mbung'o, na mbung'o hubeba vijidudu viitwavyo tripanosoma, ambavyo kwa binadamu huleta malale na kwa ng'ombe huleta nagana. Ndiyo sababu Wamwera waliishi kwa mtama, muhogo, na baadaye korosho na ufuta, ilhali ng'ombe walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Mjomba wangu alikuwa na ng'ombe wanne. Aliwanunua kwa fedha za korosho, mmoja mmoja, kwa muda wa miaka sita. Kwa wasiojua mila zetu, inafaa nieleze kwamba Wamwera kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hiyo aliyekuwa na dhamana juu ya masomo yangu ni kaka wa mama yangu. Ng'ombe wale ndio waliokuwa akiba ya nauli, sare na madaftari yangu. Jambo hilo nililijua, naye alijua kwamba ninalijua.

Mwanzoni mwa masika ya mwaka ule ng'ombe walianza kukonda. Manyoya yalisimama, macho yalitoa machozi, na mmoja alikuwa haondoki kivulini. Bwana mifugo alipita akitoka Nachingwea, akatambua ugonjwa, akaacha vidonge ndani ya kopo, bomba la sindano, na karatasi ya maelezo. Yeye alikuwa na safari ya vijiji vingine kabla barabara haijakatika. Alisema kwamba kijana anayesoma sekondari angeweza kusoma karatasi ile.

Jioni mjomba aliniita. "Mjomba," alisema, kwani huko kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "soma. Usiruke hata neno."

Sikuruka neno. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Nilielewa kwamba kila kidonge kilitosha mnyama wa uzito fulani, na kwamba dawa idungwe ndani ya msuli. Palipoandikwa kwamba vidonge viyeyushwe katika "boiling water", nilitafsiri kwa sauti ya kujiamini: "Viyeyushwe katika maji yaliyochemshwa."

Msomaji wa jarida hili ameshaliona kosa. Neno lile la Kiingereza lilieleza tendo linaloendelea: maji yanayochemka, yaliyo juu ya moto, yanayotokota. Mimi nilisema maji ambayo tendo la kuchemshwa limekwisha kutendwa juu yao. Nilibadilisha wakati wa tendo, nikaongeza mnyambuliko wa kutendesha na wa kutendwa, na kwa mabadiliko hayo nikauondoa moto katika maelezo.

Yamkini kosa hilo lisingekuwa na madhara makubwa katika mwaka mwingine. Lakini miaka mitatu kabla, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imepita nchi nzima kwa redio na vikundi vya kusoma, ikiwafundisha watu, pamoja na mambo mengine, kuchemsha maji ya kunywa. Fungu la maneno "maji yaliyochemshwa" lilikuwa limepata maana mahususi katika kila nyumba: maji yaliyopoa, yaliyofunikwa ndani ya mtungi, yaliyo safi. Mjomba alikuwa mtu wa kushika mafundisho. Aliinuka, akafunua mtungi, akachota.

Vidonge havikuyeyuka vizuri. Maji yalipata wekundu hafifu, na chini ya bakuli yakabaki mashapo mekundu yenye rangi nzito. Mjomba alikoroga kwa kijiti, kisha kwa kidole. Alipoona mashapo hayataki kuisha, alifanya kama afanyavyo mtu mwenye busara kwa kinywaji chenye machicha: alimimina taratibu maji ya juu, akaacha ya chini. Maji hayo ya juu ndiyo aliyowadunga ng'ombe.

Kabla masika hayajaisha, watatu kati ya wanne walikuwa wamekufa.

Bwana mifugo alirudi barabara ilipopitika. Aliliangalia zizi, akauliza swali moja: "Maji yalikuwa yanatokota?" Mjomba akajibu kwa fahari ya mtu aliyefuata maagizo: "Yalichemshwa, bwana." Bwana mifugo alinitazama. Nikaangalia chini. Hakusema neno, nami sikusema. Tangu siku hiyo mjomba aliamini kwamba dawa ile ilikuwa imekwisha nguvu. Vidole vyake vilibaki na alama nyekundu kwa siku kadhaa. Alifariki mwaka 1988 bila ya mimi kumwambia ukweli.

Sidai kwamba ng'ombe wote wangepona. Wawili walikuwa wamedhoofika sana. Ninachojua ni kwamba hawakupata dawa waliyoandikiwa, na kwamba sababu ilikuwa mimi.

3.0 Chumvi Nzito

Mwaka 1993 nilialikwa Nairobi kusaidia kutafsiri kijitabu cha wafugaji kuhusu nagana. Watafiti waliokiandika walinitembeza katika maabara ili nielewe ninachokitafsiri. Mtafiti mmoja kijana alichukua kijaribio cha plastiki chenye kimiminiko chekundu, akakiweka mbele ya taa ya miali ya urujuanimno. Ndani yake mlionekana mikanda miwili, mmoja juu ya mwingine, iking'aa kwa rangi ya machungwa.

Nilinyoosha mkono. "La, Mwalimu," akasema, "hii haiguswi kwa mkono mtupu." Yeye mwenyewe alikuwa amevaa glavu mbili, moja juu ya nyingine. Nikamwuliza jina la kile chekundu. Akanitajia: bromidi ya ethidiamu. Akaongeza kwamba madaktari wa mifugo huiita homidiamu, nayo ni dawa ya nagana.

Naomba msomaji anivumilie nieleze nilichoelezwa, kwa maana humo ndimo mlimo kiini cha jambo hili.

Chunyu, kwa msemaji wa pwani, ni ile chumvi inayoganda mwilini baada ya mtu kuoga baharini na kukauka. Na maji ya chunyu ni maji yenye ladha ya chumvi. Sidai kwamba kijiji chetu kilipata jina kwa sababu hiyo. Lakini neno hilo lilinisaidia kuelewa. Yai bichi jipya huzama katika maji matamu. Ukitia chumvi kidogo kidogo na kukoroga, hufika mahali likainuka na kuelea, kwa sababu maji yenye chumvi ya kutosha ni mazito kuliko yai. Yai halikubadilika, kilichobadilika ni maji. Mama zetu walilijua jambo hili bila ya kuliita densiti.

Katika maabara, badala ya chumvi ya mezani hutumiwa chumvi nzito zaidi, kloridi ya siziamu. Ikiyeyushwa katika maji na kuzungushwa kwa mashine mara zaidi ya 40,000 kwa dakika, kwa saa nyingi, chumvi husukumwa kuelekea chini, na kimiminiko hupata ngazi ya uzito: chini kizito, juu chepesi, bila ya mpaka mkali katikati. DNA iliyomo humo hushuka au kupanda mpaka ifike mahali ambapo uzito wake unalingana na wa maji yanayoizunguka, ikatulia hapo. Kwa njia hiyo Matthew Meselson na Franklin Stahl walionyesha mwaka 1958 jinsi DNA inavyojinakili.

Tatizo ni kwamba aina nyingi za DNA zinakaribiana mno kwa densiti, na zote hutulia pamoja. Hapo ndipo ile dawa nyekundu inapoingia. DNA ina umbo la ngazi ya kamba iliyosokotwa. Molekuli ya ethidiamu ni bapa, nayo hujipenyeza baina ya vipago vya ngazi. Kila inapopenya huvisukuma vipago viachane na kuilegeza kamba isokotoke kidogo. DNA iliyopokea ethidiamu nyingi huwa nyepesi zaidi, hivyo huelea juu zaidi.

Sasa chukua kamba mbili. Moja ina ncha huru. Unaweza kuisokotoa upendavyo. Nyingine imefungwa ncha zake ikawa pete. Ukiisokotoa upande mmoja, inajikaza upande mwingine. DNA yenye ncha huru, au yenye pete iliyokatika, hupokea ethidiamu kwa wingi. DNA ya pete iliyofungika hufika mahali ikakataa. Kwa hiyo ethidiamu ikiwa ya kutosha, pete zilizofungika hubaki nzito na kutulia chini, na nyingine hupanda juu. Tofauti baina yao ni takriban gramu 0.04 kwa sentimeta moja ya ujazo, nayo inatosha kuonekana kwa macho kama mikanda miwili. Radloff, Bauer na Vinograd walieleza njia hii mwaka 1967 huko California. Ethidiamu yenyewe ilikuwa imetengenezwa Uingereza zaidi ya miaka kumi kabla, na habari zake kuchapishwa mwaka 1952, si kwa ajili ya mikanda ya maabara, bali kwa ajili ya ng'ombe wa Afrika.

Tena hilo si la bahati. Tripanosoma wana DNA ya ajabu, iliyomo katika sehemu ya mwili wao iitwayo kinetoplasti: maelfu ya pete ndogo na makumi ya pete kubwa, zote zimeshikana kama mnyororo uliofumwa. Dawa huwadhuru kwa kujipenyeza humo humo. Watafiti walipotaka kuzitenga pete kubwa na ndogo ili wazisome, walitumia dutu nyingine inayoshika DNA, ijulikanayo kama Hoechst 33258, ambayo hupendelea sehemu zenye adenini na thaimini nyingi. Pete kubwa zina sehemu hizo kwa wingi zaidi, hivyo zikishikwa hupungua densiti na kuelea juu. Larry Simpson alieleza njia hiyo mwaka 1979. Kutokana na kusomwa kwa pete hizo ulipatikana mwaka 1986, huko Amsterdam, ushahidi wa kwanza kwamba chembe hai inaweza kuhariri ujumbe wa jeni zake kabla ya kuutumia.

Nilisimama mbele ya kile kijaribio nikamkumbuka mjomba akikoroga kwa kidole. Alichokuwa nacho ndani ya bakuli ni kitu kile kile. Naye pia alikuwa ametenganisha ya juu na ya chini, ila yeye hakukusudia, na sehemu aliyoimwaga ndiyo iliyokuwa dawa.

4.0 Nasaba

Kabla sijaendelea, kuna neno moja ninalopaswa kulitaja. Kiswahili kimeunda istilahi "kinasaba" kutokana na "nasaba", neno lenye asili ya Kiarabu ambalo matumizi yake ya pwani huelekea zaidi upande wa baba. DNA ambayo Radloff na wenzake waliitenga kutoka katika chembe za binadamu ilikuwa ya mitokondria, nayo ni pete iliyofungika. Kwa binadamu, pete hiyo hurithiwa kwa mama. Mimi na mjomba tuliipata kwa mwanamke mmoja, yaani bibi yangu mzaa mama.

Sisemi kwamba mila ya Wamwera ilitabiri biolojia. Hoja ya namna hiyo ni nyepesi mno. Nasema kwamba mtu wa Ruangwa akielezwa habari hii kwa Kiswahili kinachoanzia kwake, ana mahali pa kuiweka. Neno "ukoo wa mama" litamfikisha kwenye mitokondria haraka kuliko neno "kinasaba" likiachwa peke yake. Istilahi sanifu tunazihitaji, na kazi iliyofanywa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kwa kuchapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990 haina budi kuheshimiwa. Lakini istilahi ni kipago kimoja tu cha ngazi.

5.0 Sentensi ya Kijitabu

Narudi kwenye kijitabu. Rasimu ya Kiingereza ilikuwa na maagizo ya kuyeyusha vidonge vya homidiamu. Vidonge vya bromidi huhitaji maji ya moto. Vile vya kloridi huyeyuka hata katika maji baridi. Rasimu ya Kiswahili niliyoikuta, iliyoandikwa na mtu aliyekijua Kiingereza vizuri kuliko nilivyokijua mimi mwaka 1976, ilisema: "Yeyusha katika maji yaliyochemshwa."

Niliisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Kumbe kosa halikuwa langu peke yangu. Kiswahili chetu cha maandishi kimezoea kugeuza vivumishi vya Kiingereza vinavyotokana na vitenzi kuwa virejeshi vyenye "-li-", bila ya kuuliza kama tendo limekwisha au linaendelea. Katika barua za ofisini hilo hupita bila ya madhara. Katika maagizo ya dawa, "-li-" na "-na-" zinatofautiana kwa uhai wa mnyama.

Athari hazikomi kwa mnyama mmoja. Dawa ikidungwa pungufu, vijidudu dhaifu hufa na vile vinavyoweza kuistahimili hubaki na kuzaana. Usugu dhidi ya homidiamu umeripotiwa katika sehemu nyingi za Afrika, na kutoa dozi pungufu ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Nimejiuliza mara nyingi ni dozi ngapi pungufu zilizotolewa kwa sababu ya karatasi ambayo mwenye ng'ombe hakuweza kuisoma, au alisomewa na mtoto kama mimi.

Niliifuta sentensi ile, nikaandika: "Chemsha maji. Tia vidonge maji yakiwa bado yanatokota. Koroga mpaka usione mashapo. Acha dawa ipoe kabla ya kudunga. Usitumie maji ya mtungini. Vaa glavu, usikoroge kwa kidole." Mwenzangu mmoja alilalamika kwamba sentensi moja ya Kiingereza imekuwa sita. Nilimjibu kwamba ile moja ilikuwa imeficha nyingine tano.

6.0 Hitimisho

Mwaka uliofuata nilikwenda Chunyu nikiwa na nakala ya rasimu. Nilimwamkia mkaza mjomba, nikaketi naye barazani, nikamweleza habari yote: karatasi, neno, mtungi, macho ya bwana mifugo. Alisikiliza akichambua mbegu za mtama ndani ya beseni la maji, akizichota kwa kiganja zile zilizoelea na kuzitupa.

Nilipomaliza alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza: "Na sasa karatasi inasemaje?"

Nikamsomea. Alinisimamisha kwenye sentensi ya pili.

"Yakiwa bado yanatokota," alirudia. "Sufuria iko jikoni au imeipuliwa? Maji ukiyaipua hayatokoti tena. Mtu ataona hayatokoti, atadhani amechelewa, atayarudisha motoni. Au atatia vidonge sufuria ikiwa jikoni, maji yakauke, dawa iwe kali."

Sikuwa na jibu. Nilitoa kalamu, na pale barazani tukaandika upya: "Chemsha maji. Mara tu unapoyaipua, yapime, kisha tia vidonge." Ndivyo nilivyoirudisha rasimu Nairobi.

Tangu wakati huo mambo mengi yamebadilika. Maabara nyingi zimeacha mashine ya siku nzima na chumvi nzito, na hutenga DNA kwa njia fupi. Ethidiamu nayo inabadilishwa na rangi zisizo na hatari kubwa kama yake, kwa kuwa kitu kinachojipenyeza katika DNA ya kijidudu hakichagui DNA ya nani. Wafugaji walioondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 walielekezwa Mkoa wa Lindi pamoja na mifugo yao, na ng'ombe si kitu adimu tena katika nchi ya mbung'o. Kwa hiyo dawa za nagana zinahitajika huko kuliko zilivyohitajika zamani, na karatasi zake zinasomwa na watu wengi zaidi.

Kwa wanafunzi wangu wa tafsiri nina ombi moja. Mkitafsiri maagizo, msiridhike mnapopata neno. Mpelekeeni rasimu mtu atakayeshika sufuria, mumsomee, na mumwache awasimamishe. Mimi sikumpa mjomba nafasi hiyo. Alinitaka nisiruke hata neno, nami sikuruka. Lakini alipoinuka kwenda mtungini sikumwuliza anakwenda kuchota nini.